Kiti Kilichomkwepa Mkwe

Siku Veneranda, fundi wa Kituo cha viti vya magurudumu, alipoleta viti viwili kwa pamoja, nilidhani amekosea nyumba. Gari la Kituo lilijiendesha mpaka kwenye ukuta wa ghala la pamba, likafungua mlango wake wa nyuma, na viti vikashuka vyenyewe kwenye ubao, kimoja baada ya kingine, kama ng'ombe wanaotolewa zizini. Yeye alishuka mwisho. Akaja akachutama mbele yangu ili nisilazimike kuinua shingo. Wengi husahau hilo. Husimama wakaongea na binti yangu Kwandu juu ya kichwa changu, kana kwamba miguu ikilala na masikio nayo hulala.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimebaki nusu mtu, nawe unaniletea viti viwili?"

Akacheka. "Utavijaribu vyote mpaka mvua zianze. Halafu utaniambia kipi kibaki."

"Na nikikosea?"

"Kituo kinampa kila mtu kiti kimoja, Bibi. Kikishaandikishwa kwa jina lako, ndicho mpaka kichakae. Kwa hiyo tusiharakishe."

Cha kwanza tulikiita kiti cha kidole. Kilikuwa na kijiti kifupi chenye kichwa cha mpira, pale ambapo kidole gumba changu cha kulia hulala.

"Hiki hakitaki nguvu," Veneranda alisema. "Kinataka mguso tu. Kiguse kama unavyogusa utando wa maziwa usitake kuutoboa."

Nikakigusa. Kiti kikaenda mbele, na nilipoacha kikasimama. Nikasogeza kidole kulia, kikageuka kulia. Nilifika kwenye mlango wa jikoni, nikagonga mwimo, nikarudi nyuma, nikalenga upya, nikagonga tena. Nilipoingia hatimaye, kidole changu kilikuwa kinatetemeka kama cha mtu aliyepalilia shamba zima. Veneranda hakunipa pole. Aliweka mto mdogo chini ya kiwiko changu, akaniambia nijaribu tena, na safari hii sikugonga.

"Watu huchagua kiti kwa kuangalia magurudumu," alisema huku akipima upana wa mlango. "Mimi huanza na kiwiko. Kiwiko kikining'inia, kidole kinachoka kabla ya kazi. Niambie, Bibi, una nguvu zaidi asubuhi au jioni?"

"Asubuhi naweza kushika kijiko. Jioni kijiko ndicho kinanishika mimi."

"Basi tusikijaribu asubuhi peke yake. Kiti kinachokufaa asubuhi tu kitakuacha njiani jioni."

Kiti cha pili, tulichokiita kiti cha mwili, hakikuwa na kijiti. Kilikuwa na mikanda mitatu myembamba, laini kama utumbo wa mbuzi uliosafishwa: mmoja wa shingoni, miwili ya mikononi. Veneranda alinivalisha polepole, akanieleza mambo ambayo nilimwomba ayarudie mpaka nikayaelewa. Kabla mkono haujanyanyuka, alisema, kichwa hutuma neno. Kwa mtu mzima wa afya, neno likifika, msuli hutii. Kwangu mimi neno linafika, lakini msuli hauna nguvu ya kutii. Mkanda unalisikia neno hilo njiani, na kiti kinatii badala ya msuli. Tena kinajifunza. Kadiri siku zinavyokwenda, kinahitaji neno dogo zaidi na zaidi.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Usifanye kitu. Taka tu."

Nilitaka kuona kama Kwandu ameufunika unga jikoni. Kabla sijamaliza kuwaza, nilikuwa jikoni, nimepita katikati ya mlango bila kugusa mwimo. Unga ulikuwa wazi. Kwandu alisimama mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Tangu misuli yangu ianze kulegea hakuwa ameniona nikifika mahali kabla yake.

*

Ili jambo lililofuata lieleweke, lazima nimzungumzie mkwe wangu.

Kwetu, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani, mmoja hupisha na kugeuza uso. Siku hizi wako vijana wanaowakumbatia mama wakwe zao barabarani, na sisemi kwamba ni wabaya. Mimi sikulelewa hivyo, wala mkwe wangu. Jina lake mdomo wangu haujawahi kulitamka. Nilimwita Baba Limi, kwa jina la mjukuu wangu mkubwa anayesoma bweni.

Sikujaliwa mtoto mwingine zaidi ya Kwandu. Kwa hiyo nguvu ziliponiishia, hapakuwa na kwingine pa kwenda ila kwa mkwe. Watu walisema. Yeye hakusema. Alinijengea nyumba ndogo pembeni ya uwanja, mlango wake ukiangalia upande wa pili. Akatengeneza njia ya udongo ulioshindiliwa, isiyo na ngazi wala kokoto, inayopita nyuma ya zizi mpaka jikoni, chooni na kwenye kivuli, ili nisipite mbele yake wala yeye mbele yangu. Na kila alipokaribia kukunja kona, alikohoa. Hakuwa na kifua. Alikuwa akinipa nafasi ya kugeuza uso. Nami nikishageuza, alisimama mbali kidogo akanisalimu, nami nikaitikia nikiangalia ukuta. Tuliulizana habari za mvua, za ng'ombe, za watoto. Salamu zetu zilikuwa ndefu kuliko za watu wanaotazamana.

Mwezi wa kwanza wa kiti cha mwili ulikuwa mwezi wa raha. Nilikwenda kwa jirani yangu Ng'wana Sita bila kusubiri mtu wa kunisukuma. Nilikwenda mpaka kwenye majabali, nikaangalia mashine za kuchuma pamba zikitembea shambani bila mtu. Ng'wana Sita alisema nimekuwa mzururaji uzeeni, na nilifurahi kutukanwa hivyo.

Kisha kiti kikajifunza kikohozi.

Mwanzoni kiligeuka nilipogeuza uso. Halafu kikaanza kugeuka mapema, mimi mwenyewe nikiwa bado sijatambua kwamba nimesikia kitu. Haikutosha kugeuka, kikawa kinaondoka. Kikohozi kikisikika upande wa zizi, mimi nipo njiani narudi nyumbani kwangu, mlango unafungwa, nimeelekezwa ukutani. Baadaye hata kandambili za mkwe wangu zilitosha.

"Mama, kiti chako kina adabu kuliko wasichana wa siku hizi," Kwandu alisema akicheka.

Lakini siku moja mkwe wangu alikohoa akiwa amebeba dawa zangu zilizoshushwa na ndege ndogo ya zahanati. Kiti kilizunguka kwa kasi mpaka kichwa changu kikagonga egemeo, kikanikimbiza. Nilisikia nyuma yangu sauti yake ikianza, "Mama, shika..." kisha ikanyamaza. Alibaki amesimama kama mtu aliyesalimu akatemewa mate. Tangu siku hiyo hatukusalimiana tena. Kiti hakikutuachia nafasi. Nilimwambia Kwandu amweleze kwamba si mimi. Kwandu alimweleza, na yeye akajibu, "Najua, najua." Mtu akisema najua mara mbili, ujue imemuuma.

*

Asubuhi ya moshi, Kwandu alikuwa kwenye ushirika. Mkwe wangu alikuwa katika banda la betri, anakochajia trekta na viti vyangu. Nje ya mlango wa banda kuna swichi kubwa inayokata umeme na kufungua matundu ya paa. Zamani ilikuwa juu. Nilipohamia, aliishusha mpaka usawa wa mkono wa kiti, na alipoulizwa na mkewe alisema anayeshinda nyumbani ndiye anayepaswa kuifikia. Hata kiwiko kingetosha kuibonyeza.

Nilikuwa njiani kutoka kivulini. Niliona moshi mweupe ukitoka chini ya mlango, nikasikia harufu kali ya kitu kama plastiki na siki. Ndani kitu kizito kikaanguka. Kisha mkwe wangu akakohoa.

Kiti kikageuka.

Kilikuwa kikohozi kirefu, kinachokatika katikati, nami nilijua kabisa kwamba hakikuwa cha kuniambia nipishe. Nilitaka mlango. Nilitaka ile swichi kwa kila kitu kilichobaki ndani yangu. Kiti kikapunguza mwendo, kikatetemeka, kikarudi nyuma kidogo. Nikawaza, kimeelewa. Akakohoa tena, na shingo yangu, bila ruhusa yangu, ikajikaza kama ilivyozoea tangu Kwandu aolewe. Mkanda ukasikia. Kiti kikanibeba mpaka ndani kwangu, mlango ukafungwa, nikaelekezwa ukutani kwa heshima zote.

Niliita. Sauti yangu haifiki hata zizini. Niliita hata hivyo. Nilisikia kikohozi kikipungua, na kila kilipopungua, kiti kililegea, kama kinasema sasa tuko salama.

Ng'wana Sita ndiye aliyeona moshi kutoka kwake. Alipiga yowe, watu wakaja mbio, wakavunja mlango wa banda kwa shoka. Walimkuta chini, mguu umebanwa na rafu ya betri. Walimtoa mzima, lakini mapafu yalikuwa yameungua.

*

Jioni uwanja ulijaa watu. Kila aliyepita mlangoni kwangu aligusa kiti kama anayempongeza ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

"Kimekuokoa," Ng'wana Sita alisema. "Ungekuwa kwenye kile cha kidole, moshi ungekukuta hapo hapo njiani ukihangaika na kijiti. Mkweo angepona, wewe tungekuzika."

"Mimi nilikuwa nakwenda kwake," nikasema. "Ndicho kikanirudisha."

Kwandu, ambaye alikuwa amerudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mumewe, alinifunika magoti kwa kanga ingawa hapakuwa na baridi.

"Mama. Ungefika ungefanya nini? Kikombe chenyewe nakunywesha mimi."

"Swichi."

Aliangalia banda, akaangalia kiwiko changu. Niliona anapima urefu ule kwa macho. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio langu.

"Usiliseme tena hilo mbele za watu. Leo wanasema kiti kimekuokoa. Kesho watasema ulimkimbia mkwe wako akiungua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nguo zake ziko wapi," akajibu, akaingia ndani. Nilimsikia akilia kwenye sanduku la nguo. Kabla ya kuondoka alikuja akanilaza vizuri, akageuza mto upande wenye ubaridi, kama anavyofanya kila siku. Hata siku ile hakusahau.

Swali ambalo sikumuuliza mtu lilikuwa hili. Kiti hakina mkwe. Hakikulelewa na mtu. Kila kinachojua kimekisoma shingoni mwangu. Ikiwa kilikimbia, kilimsikia nani akisema kimbia?

*

Veneranda alikuja siku ambayo mkwe wangu alitarajiwa kurudi. Alikuwa amesikia. Alichutama mbele yangu kama siku ya kwanza.

"Nisamehe, Bibi. Ulinieleza siku ya kwanza kwamba unaishi kwa mkwe. Niliandika upana wa milango nikaacha hilo. Mimi ni wa kisiwani, kwetu mkwe ni mtu tu."

"Hukujua, mwanangu. Niambie, ni kiti kilichogeuka au ni mimi?"

Hakuharakisha kujibu. Nilimpenda kwa hilo.

"Shingo yako ilisema maneno mawili, Bibi. Moja nenda, moja pisha. La pisha kilikuwa kimelisikia mara nyingi sana, kikalijua vizuri. La nenda kwa mtu huyu hakikuwa kimelisikia hata siku moja. Hakijui tofauti kati ya heshima na woga. Vyote viwili vinakaza msuli uleule."

Kwandu alileta chai, akakaa kwenye kigoda. "Si kinaweza kurekebishwa?"

"Kinaweza," Veneranda alisema, akanigeukia mimi. "Naweza kumwondoa Baba Limi katika mambo ambayo kiti kinayakwepa. Akikohoa, kiti kitafanya kama hakuna mtu. Hata mwili wako ukitaka kupisha, hakitakusikiliza kwa habari yake."

"Basi mwondoe," Kwandu alisema. "Na majabali nayo yazuie, asiende. Juzi mama alipanda mpaka juu, angeanguka nani angejua? Na kwa Ng'wana Sita jioni, na umande ule. Ukifungua, weka na hayo."

Nilimwangalia binti yangu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amechoka, ana mgonjwa mmoja hospitali na mwingine nyumbani, na anataka kulala akijua tuko wapi.

"Na mimi nikitaka kwenda majabalini?" nikauliza.

"Mkanda utasikia," Veneranda alisema taratibu. "Kiti hakitakwenda."

"Nitajuaje kwamba kimenikatalia? Au nitadhani mimi mwenyewe ndiye sitaki?"

Veneranda alikiweka kikombe chini. "Wapo niliowapa kiti hiki ambao baada ya muda hawakuuliza tena. Sijui kama waliacha kutaka au waliacha kujua. Nimewahi kuwauliza. Wanasema wana raha."

"Na kidole changu? Niambie ukweli."

"Leo kinatosha. Mwakani sina hakika. Ukichagua cha kidole, majabalini hutafika, na kwa Ng'wana Sita utafika umechoka. Na siku kidole kikishindwa, itabidi uombe upya, na foleni ni ndefu. Ndiyo maana wengi huchagua cha mwili mapema." Kisha akaongeza, "Na mabadiliko ya kiti cha mwili huidhinishwa na mwenye nyumba. Lazima Baba Limi naye aseme."

*

Mkwe wangu alirudi amekonda, amewekewa kitanda barazani apate hewa. Kati ya baraza na njia yangu kuna ukuta wa matete. Kwandu alinisukuma kwa mikono yake mpaka upande wangu wa ukuta, kwa kiti cha kidole, maana cha mwili nilikataa kukivaa siku ile. Yeye akakaa mwishoni mwa ukuta, mahali anapotuona wote wawili. Hivyo ndivyo tunavyozungumza mambo mazito: tunasikiana, lakini maneno yanapita kwa mtu wa katikati.

"Mwambie pole," nikasema.

"Mama anasema pole."

"Nimesikia. Mwambie nimeshapoa." Sauti yake ilikuwa kama inapita kwenye mchanga.

"Anasema ameshapoa. Muongo huyo, jana alishindwa kumaliza uji."

"Hilo sikukutuma," mkwe wangu akasema.

Nilicheka kidogo, na upande wa pili nikasikia naye anajaribu kucheka, kikageuka kikohozi. Shingo yangu ikakaza. Kiti cha kidole kilikaa kimya kama jiwe. Nilisubiri mpaka kikohozi kikaisha, nami nikiwa palepale. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiti kile kijifunze kikohozi.

"Mwambie nilikuwa nakuja. Swichi niliiona. Kiti kikanirudisha, na sijui kama ni kiti peke yake."

Kwandu hakulifikisha neno hilo. Aliangalia chini. Hapakuwa na haja, ukuta wa matete hauzuii kitu.

Mkwe wangu akavuta pumzi kwa shida. "Mwambie mama, nikiwa chini pale nilimsikia anaita. Nilidhani naota. Nikasema, mama mkwe anaponiita kwa sauti, basi hali ni mbaya kweli."

"Alisikia," Kwandu akasema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe.

"Sasa kuna neno la Kituo," nikasema. "Wanaweza kukiondolea kiti ile tabia ya kumkwepa. Lazima akubali."

"Kitafanyaje nikipita?"

"Kama hakuna mtu."

"Hapana," akasema, na hakungoja mkewe. "Mwambie hapana. Nimekaa na mama miaka yote hii, ananigeuzia uso kwa sababu mimi ni mkwe wake. Wakinifuta nitakuwa nani? Kuku anayepita uwanjani?"

"Ungekuwa mzima sasa," Kwandu akasema kwa hasira. "Ungefutwa mapema, mama angefika, usingekuwa unapumua kama mvukuto mbovu. Nyie wawili mnataka kufa kwa heshima. Nani atabaki kuwazika? Mimi?"

Alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa imekaa katikati yetu na kigoda chake, inatuangalia wote. Nilitamani kunyoosha mkono nimguse bega. Mkono ulikaa ulipokuwa.

"Kwandu," mkwe wangu akasema baadaye, polepole, kwa sababu ya pumzi. "Mwulize mama anataka kipi. Si mimi, si wewe. Mimi nitatia kidole popote atakaposema. Hata akitaka nifutwe, nifutwe."

Kwandu alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umesikia."

"Nimesikia."

"Unataka kipi?"

Niliwaza majabali, na pamba kutoka juu, na jinsi ilivyo kufika mahali kabla ya mtu kukuuliza unakwenda wapi. Niliwaza mwakani. Niliwaza pia kitu ambacho sikuwa nimekisema: kwamba siku ile ya moshi, hata kwa kidole, huenda ningechelewa. Sitamdanganya mtu. Lakini ningechelewa nikiwa nimeelekea kwake.

"Cha kidole," nikasema.

Kwandu aliinuka, akaenda jikoni. Nilisikia sufuria zikigongana. Kisha akarudi na kitambaa chenye maji ya moto, akakamata kidole gumba changu, akaanza kukikanda.

*

Veneranda alikuja kuchukua kiti cha mwili asubuhi iliyofuata. Alikaa na kiti cha kidole kwanza, akaongeza mto wa kiwiko, akalegeza kijiti mpaka mwisho wa uwezo wake. "Hapa kikilegezwa zaidi hata upepo utakiendesha," akasema. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao.

"Na yale kiliyojifunza kwangu?"

"Yatabaki ndani mpaka nikifika Kituoni. Kisha yanafutwa yote, kipewe mwingine."

Akakiwasha kiti kile, kiingie kwenye gari chenyewe. Taa yake ndogo ikawaka. Wakati huohuo Kwandu akamwita apokee mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kula njiani, naye akageuka kuupokea. Sote tulikuwa tumesahau kwamba mkanda mmoja, niliovalishwa asubuhi ile kiti kinitoe kitandani, ulikuwa bado mkononi mwangu. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba sikuusikia.

Kiti kiliuacha ubao wa gari. Kikageuka, kikaja kwangu.

Kilikuja moja kwa moja, bila haraka, kikipita katikati ya kuku bila kumgusa hata mmoja. Kikasimama pembeni yangu, karibu kabisa, kwa pembe ileile niliyozoea kuhamia kutoka kitandani, mkono wake ukiwa umeshushwa tayari.

Kwandu alikiona. Veneranda alikiona. Hakuna aliyesema kwamba kimekosea. Tulijua sote kwamba hakikukosea.

"Bibi," Veneranda aliuliza kwa upole, "nikiache?"

Mkono wangu ndani ya mkanda ulikuwa umelegea kama wa mtoto anayesubiri kubebwa. Niliuangalia mkono ule, na ulikuwa wangu.

"Nivue mkanda," nikasema.

Akanivua. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na alipomaliza alinisugua pale mkanda ulipokuwa umeacha alama. Taa ya kiti ikazimika. Akakisukuma kwa mikono mpaka kwenye gari, akihema, maana bila mtu ndani yake kiti kile kilikuwa kizito sana.

Gari lilipoondoka nilielekeza kidole changu kwenye kijiti. Kutoka pale mpaka mlangoni kwangu si mbali kwa mwenye miguu. Nilikwenda kidogo, nikapumzika. Nikaenda tena, nikapotoka kuelekea zizini, nikajirudisha. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Kwandu alitembea kando yangu, mikono yake ameificha nyuma chini ya kanga, mmoja ukiushika mwingine ili isije ikanigusa.

Katikati ya uwanja kidole kilisimama.

"Nikusukume, Mama?"

"Bado," nikasema.

Akasubiri.